Kidau cha wino

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, natumaini wiki mmeimaliza salama. Tafakari ya leo imenichukua siku nyingi kuliko kawaida maana inagusa kitu kilichonitesa sana utotoni na najua siko peke yangu, nazungumzia hofu ya alama ya mnyama. Nilikuwa na miaka kama tisa hivi, akaja mhubiri mgeni kwenye mkutano wa nje mtaani kwetu, akafundisha Ufunuo 13, pale mnyama anapowatia watu chapa ya 666 mkononi au kwenye paji la uso, usiku huku taa za jenereta zinafifia na kuwaka, akasema chipu ziko tayari, majina yetu yako tayari, inasubiriwa siku tu. Nilirudi nyumbani nikajifunga kitambaa kwenye paji la uso nikalala nacho. Mama aliponiuliza asubuhi nikamwambia kichwa kinauma.

Baada ya hapo miaka mingi nilikuwa nakikwepa kitabu cha Ufunuo, nikifika waraka wa Yuda unaotangulia Ufunuo nafunga Biblia. Kilichonirudisha ni Ezekieli. Umeme ulikuwa umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, nimefika sura ya 9, nakuta mtu anatembea mjini anawatia watu alama kwenye vipaji vya nyuso, na hapo hakuna mnyama, hakuna 666, anayeagiza ni Mungu mwenyewe. Nikabaki nimeshikilia ukurasa. Kumbe alama ya paji la uso ilikuwa ya Mungu kwanza, karibu miaka mia saba kabla Yohana hajaandika habari za mnyama, na mimi nimekua nikijua ile ya pili tu.

Hebu tuingie taratibu. Ezekieli alikuwa kuhani, akachukuliwa uhamishoni Babeli pamoja na Mfalme Yehoyakini mwaka 597 kabla ya Kristo, akakaa na mateka wenzake kule Tel-abibu karibu na mto Kebari. Mwaka wa sita wa uhamisho, amekaa nyumbani kwake na wazee wa Yuda wamekaa mbele yake, anashikwa kwa shungi la nywele za kichwa chake na roho inamnyanyua mpaka Yerusalemu katika maono (sura ya 8 yote isomeni, msiiruke). Anaonyeshwa hekalu lilivyochafuliwa: wazee sabini na vyetezo vyao gizani, wanawake wanamlilia Tamuzi, mungu wa kipagani, wanaume kama ishirini na watano wamelipa hekalu kisogo wanaliabudu jua. Na Mungu haishii kwenye sanamu, anasema pia nchi imejazwa udhalimu, na sura inayofuata anasema nchi imejaa damu. Ibada mbovu na damu ya watu vinatajwa kwa pumzi moja.

Halafu wanakuja watu sita na silaha za kuulia, na katikati yao mmoja amevaa kitani, kiunoni ana kidau cha wino cha mwandishi. Hapo ndipo nilipotulia mimi. Kati ya wote waliosimama pale kando ya madhabahu ya shaba, anayetangulia kutumwa ni mwenye wino. Anaambiwa apite katikati ya Yerusalemu awatie alama kwenye vipaji vya nyuso watu wanaougua na kulia kwa sababu ya machukizo yanayofanyika humo.

Wanaougua na kulia. Soma tena polepole mpendwa. Haikuulizwa nani anajua unabii vizuri, nani ana cheo hekaluni, nani ameshika tarehe. Kilichotazamwa ni nani bado anaumia akiona uovu, yule ambaye moyo wake haujazoea. Na wale wenye silaha, walioagizwa kuwaua wote wasio na alama, wakaambiwa waanzie wapi? Patakatifu. Nyumbani mwa Mungu, kwa wazee waliokuwa mbele ya nyumba. Hii sehemu ni ngumu kwangu kama ilivyo ngumu kwako, sitaki kuilainisha, Ezekieli mwenyewe alianguka kifudifudi akalia akauliza kama Mungu atawaangamiza mabaki yote ya Israeli. Mwisho wa sura yule wa kitani anarudi na kusema amefanya kama alivyoamriwa. Wangapi walipata alama? Hatuambiwi hata mmoja.

Na kuna jambo dogo hapa ambalo wasomaji wa Kiebrania wanaliona sisi linatupita. Neno linalotafsiriwa alama katika aya ya 4 ni tav, ambalo ndilo jina la herufi ya mwisho ya alfabeti yao, na katika mwandiko wa kale wa Kiebrania herufi hiyo ilichorwa mistari miwili iliyokatana, kama msalaba. Wakristo wa karne za mwanzo waliposoma hivyo, akiwemo Tertuliano wa Karthago, walishindwa kunyamaza. Ezekieli hakuwa anawaza Golgotha, mimi siwezi kumwekea maneno mdomoni, lakini naelewa kwa nini wale ndugu walitetemeka.

Sasa tumfuate Yohana. Yuko kisiwani Patmo, na mapokeo ya kale toka kwa Irenayo, askofu wa karne ya pili, yanasema ni mwishoni mwa utawala wa Domitiano, Kaisari wa Roma, yaani kama mwaka 95 hivi. Anaandikia makanisa saba ya Asia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Kitu cha kushangaza ni kwamba kwenye sura zote 22 hakuna mahali anaposema "kama ilivyoandikwa katika Isaya" au "kama alivyonena nabii", lakini karibu kila ukurasa unanuka manabii! Ni kama wazee wetu wanavyotumia methali. Mzee akishasema "asiyesikia la mkuu" ananyamaza, haimalizii, kwa sababu anajua wewe utaimalizia kichwani mwako na utakuwa umeshaelewa anakuonya. Yohana anaongea hivyo hivyo. Anatupa nusu ya methali, akiamini kanisa lake linajua ile nusu nyingine. Shida yetu ni kwamba nusu nyingine hatuna, tumeacha kusoma Zekaria na Yoeli, kwa hiyo tukisikia "asiyesikia la mkuu" tunakimbilia taarifa ya habari kutafuta mkuu ni rais gani.

Mifano ni mingi nitapita haraka. Wale wenye uhai wanne wa Ufunuo 4, simba, ndama, mwanadamu na tai, wametoka Ezekieli 1, ila mabawa sita na wimbo wa Mtakatifu mara tatu umetoka kwa maserafi wa Isaya 6. Farasi wa rangi mbalimbali ni Zekaria. Kile kitabu kidogo kinacholiwa, kitamu kama asali mdomoni, Ezekieli alishakila kabla, ila Yohana anaongeza kwamba tumboni kilikuwa kichungu. Mnyama wa Ufunuo 13 ana mwili wa chui, miguu ya dubu, kinywa cha simba na pembe kumi, na ukifungua Danieli 7 unawakuta simba, dubu, chui na yule wa kutisha mwenye pembe kumi, wanne tofauti. Hata vichwa saba, hesabu vichwa vya wale wanne, chui peke yake anavyo vinne, jumla utapata saba. Yaani Yohana amekusanya ukatili wote wa falme za zamani akauona umevaa mwili mmoja, na makanisa yake yalijua ni nani, waliishi chini yake, Pergamo, mmoja wa miji ya yale makanisa saba, palikuwa na hekalu la kumwabudu Kaisari tangu mwaka 29 kabla ya Kristo.

Nzige nitawasemea kidogo zaidi. Yoeli aliona nzige halisi, wanaomaliza mzabibu na mtini mpaka gome linabaki jeupe, meno kama ya simba, mwonekano kama farasi wa vita. Ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya wanajua hiyo picha, mwaka 2020 waliona wingu la nzige likitua kwenye malisho asubuhi na jioni hakuna jani. Ufunuo 9 inachukua nzige hao hao wa Yoeli, meno ya simba, mfano wa farasi, halafu inafanya kitu ambacho Yoeli hakukifanya: wanakatazwa kugusa majani! Nzige anakatazwa majani. Wasidhuru nyasi wala mti, ila watu wasio na muhuri wa Mungu katika vipaji vya nyuso zao. Umeona? Yoeli na Ezekieli 9 wamekutana kwenye aya moja, mwenye kidau cha wino ameshapita kabla ya nzige.

Na kweli alishapita, sura ya 7. Malaika wanne wameshika pepo nne, anatokea mwingine kutoka mawio ya jua ana muhuri wa Mungu aliye hai, anapaza sauti: "Msiidhuru nchi, wala bahari, wala miti", mpaka watumwa wa Mungu watiwe muhuri juu ya vipaji vya nyuso zao. Utaratibu ni ule ule wa Ezekieli, kwanza wino. Safari hii tunapewa idadi, 144,000, lakini Yohana akigeuka kutazama anaona mkutano mkubwa ambao hakuna awezaye kuuhesabu, wa kila taifa na kabila na lugha. Kiswahili kimo.

Kwa hiyo tukifika sura ya 13 ambayo mimi nilifungia kitambaa, mnyama hajabuni kitu. Anaiga. Anaweka chapa kwenye mkono wa kuume au paji la uso, na Mwisraeli yeyote anajua hizo ni sehemu gani, ni Kumbukumbu la Torati 6, baada ya "Sikia, Ee Israeli", kwamba maneno ya Mungu yafungwe yawe dalili juu ya mkono na kama utepe katikati ya macho. Mkono unaotenda na kichwa kinachowaza, vyote vya Mungu, na mnyama anavitaka hivyo hivyo viwili. Halafu mwandiko wa kwanza haukuwa na sura wala namba za aya, hizo zimewekwa karne nyingi baadaye, kwa hiyo ukiisoma bila kusimama, mara tu baada ya 666 unakutana na Mwana-kondoo juu ya mlima Sayuni na watu wake wenye jina lake na jina la Baba yake limeandikwa katika vipaji vya nyuso zao. Yule mhubiri alifunga Biblia kwenye 13:18. Laiti angesoma mstari mmoja tu mbele, ningelala vizuri.

Nirudi kwenye kulia, maana hapo ndipo Roho alinigusa wiki hii. Ufunuo 18 imejaa kilio. Babeli umeanguka, maneno ya Isaya 21, na malaika anatupa jiwe kubwa baharini kama Yeremia alivyomwagiza Seraya afunge jiwe kwenye kitabu akitupe katikati ya mto Frati, kizame. Sasa nani analia pale? Wafanyabiashara. Wanalia kwa sababu hakuna mtu anunuaye bidhaa yao tena. Orodha ya bidhaa imefuata ile ya Tiro, mji wa biashara wa zamani, katika Ezekieli 27: dhahabu, fedha, lulu, hariri, vyombo vya pembe, mdalasini, iliki, ngano, farasi, na mwisho kabisa, baada ya magari, miili na roho za wanadamu. Watu wako mwisho wa orodha. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kufafanuliwa hilo, pembe na watu vilikuja njia moja mpaka soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873.

Basi kuna watu wanalia kwa sababu mji umejaa damu, na kuna watu wanalia kwa sababu soko limefungwa. Wote macho yana machozi. Ezekieli 9 inasema yule wa kitani anaweza kuwatofautisha. Nimejiuliza wiki nzima mara ya mwisho nimelia nililia kwa nini, na jibu halikunipendeza, nilikuwa nalilia hela. Habari ya binti aliyedhulumiwa mtaa wa pili niliisikia siku hiyo hiyo nikasema "mh, dunia hii" nikaendelea kula.

Wiki hii naomba tusome Ezekieli 8 na 9, halafu Ufunuo 7, kwa sauti kama mna familia, kisha mrukie Ezekieli 47 na Ufunuo 22 msome pamoja. Kwa Ezekieli maji yanatoka chini ya kizingiti cha hekalu, ya vifundo, ya magoti, ya kiuno, mpaka mto wa kuogelea, unashuka kwenye Bahari ya Chumvi na wavuvi wanasimama Engedi na nyavu zao, na miti kando yake majani yake ni dawa. Yohana anaona mto huo huo, lakini sasa unatoka kwenye kiti cha enzi cha Mungu na cha Mwana-kondoo, hekalu halipo tena, na majani anayaongezea neno moja, ni ya kuwaponya mataifa. Machozi yameshafutwa sura moja nyuma, kama Isaya 25 ilivyoahidi. Na pale kando ya mto, mstari wa 4, paji la uso linatajwa kwa mara ya mwisho katika Biblia, na mnyama hayupo, watumwa wake wanamwona uso wake, na jina lake liko katika vipaji vya nyuso zao.