Mikanda ya Mlali na daraja la Baltimore

Tarehe 26 Machi 2024 nilikuwa dukani kwangu Majengo, hapa Dodoma, napanga beringi, kijana wangu wa dukani akaniletea simu: “Shangazi, ona hii.” Meli ya kontena iitwayo Dali, ya karibu mita 300, imezimika umeme usiku, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, Marekani. Daraja likalala majini ndani ya sekunde chache.

Mimi nikaiona Kiyegeya.

Machi 2020 mvua ilikata daraja la Kiyegeya, kule Gairo. Mzigo wangu kutoka Kariakoo ukakwama upande wa Morogoro. Ndani mlikuwa na mikanda ya mashine ya kusaga ambayo mzee mmoja wa Mlali alishailipia. Alinipigia kila asubuhi, kwa upole ulioniuma kuliko matusi: “Mwanangu, akina mama wamerudi tena na ndoo zao.” Lori likageuza, likazungukia Iringa na Mtera. Gharama ya usafiri ikapanda, lakini sikuwa na moyo wa kumwongezea mzee yule hata shilingi mia.

Ndiyo maana habari za Baltimore nilizifuata wiki hadi wiki. Kule vyuma viliziba njia yenyewe ya meli. Zilizokuwa ndani zikafungiwa, zilizokuwa safarini zikaenda kushusha bandari nyingine, Norfolk na New York. Na bandari ya Baltimore ndiyo iliyoongoza Marekani kwa kupitisha magari, zaidi ya 800,000 mwaka 2023, pamoja na matrekta na mitambo ya ujenzi. Malori yenye shehena za hatari, ambayo hayaruhusiwi kupita kwenye mahandaki ya chini ya maji, yalilazimika kuuzunguka mji. Njia ya meli ilifunguliwa yote tarehe 10 Juni. Nilihesabu: miezi miwili na nusu. Mzee wangu alisubiri siku tisa tu, na kijiji kizima kiliteseka.

Waliokufa ni sita, wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Usiku ule walikuwa juu ya daraja wakiziba mashimo ya barabara. Meli iliomba msaada, polisi wakawahi kuzuia magari, ila wale mafundi hawakuwahiwa.

Huwa nawakumbuka nikipita Kibaigwa na kukuta vijana wenye vizibao wameinamia viraka vya lami, malori yanawapita ubavuni. Namwomba dereva apunguze mwendo, hata kama mzigo umechelewa.