Nilivyoweza Kulala Mchana Baada ya Zamu za Usiku

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka minne nilifanya zamu za usiku katika wodi ya wazazi jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nikifika nyumbani saa mbili asubuhi nimechoka hoi, lakini usingizi wangu haukuzidi muda wa saa tatu. Kufikia adhuhuri nilikuwa macho, moyo ukinidunda, na jioni nikarudi kazini na kichwa kizito. Siku niliyosoma kipimo cha dawa mara tatu bila kukielewa niliingiwa na hofu, nikaanza kujifunza kwa dhati jinsi usingizi unavyofanya kazi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba uchovu peke yake huleta usingizi. Kumbe kuna nguvu mbili. Ya kwanza inatokana na adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo kadiri mtu anavyokaa macho na kupungua anapolala. Ya pili ni saa ya mwili, yaani kundi la seli za neva zipatazo 20,000 ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, linalouchangamsha mwili mchana na kuutuliza usiku, na ambalo hujirekebisha hasa kwa mwanga unaoingia machoni. Adenosini ilikuwa ikinilaza. Ilipopungua kidogo tu, saa ya mwili ikaniamsha, kwa kuwa jua nililolipokea kituoni nikisubiri daladala lilikuwa limekwisha kuihakikishia kwamba kumekucha.

Basi nilianza na mwanga: nikavaa miwani ya jua njiani, nikaning'iniza vitenge viwili dirishani. Kahawa ndiyo iliyonipa taabu zaidi. Kafeini, kemikali ya kahawa inayochangamsha, huziba vipokezi vya adenosini ubongoni, yaani mahali adenosini inapojishikiza ili kuleta usingizi, na kwa mtu mzima mwenye afya nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Kikombe changu cha saa kumi alfajiri, wakati joto la mwili limeshuka sana na usingizi umekolea, kilikuwa kikinifuata hadi kitandani. Nikaamua kutokunywa kahawa baada ya saa sita usiku, na badala yake, mwenzangu alipokubali kunishikia wodi, nililala dakika 20 katika chumba cha mapumziko.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Mama mkwe aliniambia, kwa upole, "Mwanangu, jua limepanda na wewe bado umelala?" Sikumjibu siku ile. Baadaye nilikaa naye nikamweleza kwamba katika maabara ya mtafiti wa usingizi Allan Rechtschaffen huko Chicago, miaka ya 1980, panya walionyimwa usingizi kabisa walikonda ingawa walikula kuliko kawaida, na wakafa baada ya wiki mbili au tatu hivi. Nikamweleza pia kuhusu pomboo, ambaye hulazimika kuja juu ya maji kuvuta hewa, na kwa hiyo hulaza nusu moja ya ubongo huku nyingine ikikesha, kisha zikabadilishana zamu. Hata yeye hakuruhusiwa kuishi bila kulala. Mama alisikiliza hadi mwisho. Tangu siku ile ndiye aliyewazuia watoto kunigongea mlango.

Baada ya wiki sita hivi nilikuwa nikilala muda wa saa sita kwa siku. Saa ya mwili haikugeuka kabisa, maana kila siku ya mapumziko nilirudi kuishi na familia mchana, na usiku wa kwanza wa kila zamu uliendelea kuwa mgumu. Usiku huo nilimwomba mwenzangu tuhakiki pamoja kila kipimo cha dawa kabla sijakitoa.