Alama 75 za mradi wangu
Nilipokuwa nikisoma sayansi ya kompyuta ya A-Level kule Uingereza, bodi yetu ya mitihani ilikuwa AQA. Karatasi ni mbili, kila moja saa mbili na nusu na asilimia 40 ya alama zote. Ya pili ni ya kalamu, nadharia tupu. Sina mengi ya kuisema. Ya kwanza unaifanya kwenye kompyuta. Wanakupa mapema programu waliyokwisha kuiandika wao, unaichambua mpaka unaiota, kisha siku ya mtihani unaambiwa uibadilishe.

Asilimia 20 zilizobaki ni mradi wako mwenyewe, na hapo ndipo nilipojikwaa. Mimi niliunda programu ya kupanga ratiba, nikamaliza wiki tatu nzima nikichagua rangi za vitufe. Vitufe! Kumbe kati ya alama 75, 42 ni za programu yenyewe, na nyingi kati ya hizo hutazama ugumu wa mbinu ulizotumia. Uchambuzi 9, usanifu 12, majaribio 8, tathmini 4. Mwalimu ndiye husahihisha, bodi ikakagua sampuli. Nilivifuta vitufe vyangu vya zambarau usiku mmoja, nikaanza kuandika algoriti ya kujirudia, yaani hatua za kutatua tatizo zinazojiita zenyewe tena na tena.