Simu yako kama mashine ya kadi: inapokubali, inapogoma, na kwa nini

Ukiwa na duka la vinyago Mji Mkongwe, teksi Mombasa au kibanda cha kukodisha vifaa vya kuogelea Nungwi, wageni wengi wanaosimama mbele yako hawana M-Pesa wala noti za shilingi. Wana kadi ya benki yenye alama ya mawimbi manne. Zamani jibu lilikuwa moja tu: uombe mashine ya kadi (POS) benki, usubiri, kisha uitunze na chaja yake na karatasi zake. Siku hizi simu ya Android yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi kwa kuigusisha, inaweza kufanya kazi ileile. Unaandika kiasi, mteja anagusisha kadi mgongoni mwa simu yako, benki yake inajibu, basi. Visa wanaiita Tap to Phone, Mastercard wanaiita Tap on Phone, na watu wa kazi hii husema SoftPOS. Kwa iPhone, Apple walianza Marekani mwaka 2022 na wakaendelea kuongeza nchi moja moja, na simu inatakiwa iwe iPhone XS au iliyotoka baada yake. Kwa mfanyabiashara wa kwetu, Android ndiyo ya kuulizia kwanza.

Naipenda teknolojia hii, kwa sababu inamfikia mtu ambaye mauzo yake hayawezi kubeba gharama ya mashine. Lakini ina tabia moja ambayo lazima uijue kabla hujaitegemea: ikigoma, mara nyingi haikwambii ukweli wote. Utaona "muamala umeshindikana" tu. Kumbe kilichogoma kinaweza kuwa simu yako, au mtandao, au benki ya mteja, na kila kimoja kina dawa yake. Muuzaji asiyejua tofauti anamgusisha mgeni kadi mara nne, mgeni anaogopa kukatwa mara nne, na biashara inaishia hapo.

Simu yenyewe

Fungua mipangilio ya simu, tafuta neno NFC. Lisipotokea, simu hiyo haifai na hakuna programu itakayoiongezea, maana NFC ni chipu na antena, si kitu cha kupakua. Unaponunua simu kwa kazi hii usiamini jina la modeli peke yake. Simu za bei ya chini nyingi hazina NFC kabisa, na modeli moja yenye jina lilelile inaweza kuwa nayo katika soko moja na kukosa katika soko jingine. Iombe dukani, iwashe, tafuta NFC kwa macho yako kabla hujatoa hela. Simu za Huawei zilizotoka bila huduma za Google nazo ni tatizo hata zikiwa na NFC nzuri, kwa sababu programu nyingi za malipo hutegemea Google kuthibitisha kwamba simu haijachezewa.

Uthibitisho huo ndio unaowashangaza watu. Kila unapofungua programu, na mara nyingine katikati ya kazi, inaikagua simu: je, imefanyiwa root, yaani kuvunjwa kinga zake ili mtumiaji apate mamlaka yote? Bootloader, programu ndogo inayoiwasha simu, imefunguliwa? Chaguo za wasanidi programu (Developer options) zimewashwa? Kuna programu inayochora juu ya skrini, kama zile za kupunguza mwanga wa bluu, au ya kumruhusu mtu aione simu kutoka mbali, kama AnyDesk? Ikikuta mojawapo inaweza kukataa kufunguka. Fundi aliyewasha chaguo za wasanidi ili akutengenezee simu, akasahau kuzizima, anaweza kukufungia mauzo ya siku nzima. Kwa hiyo programu ikigoma hata kabla ya kufika kwenye kadi, anza hapo, kisha angalia tarehe na saa ya simu. Saa ikiwa imekosewa, mawasiliano ya siri kati ya simu na seva hayakubaliki na utaambiwa hakuna mtandao ilhali bando lipo.

Ukali huo una sababu. Mashine ya POS imetengenezwa kwa kazi moja na ikifunguliwa inajifuta funguo zake za siri. Simu yako ina WhatsApp, michezo, na programu alizopakua mtoto. Baraza la PCI, linaloweka kanuni za usalama wa kadi duniani, lilitoa kanuni ya kwanza ya kugusisha kadi kwenye simu za kawaida Desemba 2019, na kanuni hiyo haikuruhusu mteja aandike namba ya siri kwenye simu hiyohiyo. Ni kanuni ya Novemba 2022, inayoitwa MPoC, iliyounganisha kugusisha na namba ya siri katika mfumo mmoja. Ukiongea na mtoa huduma, muulize swali hili hasa: programu yenu inapokea namba ya siri kwenye skrini? Kama hapana, itakubali miamala midogo tu, pamoja na malipo ya wateja wanaolipa kwa simu zao.

Kugusisha

Kadi haina betri. Inapata nguvu kutoka kwenye antena ya simu yako, kwa masafa ya 13.56 MHz, na umbali wa kufanya kazi ni kama sentimita 4 tu. Simu ina antena ndogo kuliko ya mashine ya POS, hivyo mahali pa kugusisha ni padogo. Kwenye simu nyingi za Samsung ni katikati ya mgongo au juu kidogo. Kwenye Pixel ni karibu na kamera. Kwenye iPhone ni ukingo wa juu. Tafuta mahali pako kwa kadi yako mwenyewe, kisha bandika stika ndogo hapo. Mgeni aelekezwe kwa kidole: weka hapa, tulia. Kosa la kawaida ni kupitisha kadi haraka kama anayepangusa vumbi. Mazungumzo ya kadi na simu ni mafupi, chini ya sekunde moja mambo yakienda vizuri, lakini kadi ikitoka katikati yanaanza upya au yanafutwa.

Kava nene, kava lenye sumaku au bamba la chuma, na ile pete ya kushikia simu, vyote hupunguza nguvu. Vivue. Pochi nayo usikubali igusishwe nzima: kadi mbili zikiwa ndani, simu inaziona zote na kanuni inaitaka isimame badala ya kuchagua. Mteja atoe kadi moja. Akilipa kwa simu yake, antena zikutane, mgongo wako na sehemu ya juu ya simu yake, na aifungue kwa alama ya kidole au uso kabla hajasogeza.

Hadi hapa bado hujafika benki. Ikiwa simu haikulia wala kuonyesha alama ya kusoma kadi, hakuna kilichokatwa, na kujaribu tena ni salama.

Kiasi kikubwa na kadi zinazotaka kuingizwa

Nchi nyingi zina kiwango ambacho chini yake kadi hupita bila namba ya siri. Uingereza ilipandisha hadi pauni 100 Oktoba 2021. Katika nchi nyingi za Ulaya ni euro 50. Kwako kinatumika kiwango kilichowekwa kwenye programu kwa ajili ya nchi yako, siyo kile cha nchi ya mgeni, ingawa benki yake inaweza kukataa kwa sababu zake yenyewe. Muulize mtoa huduma kiwango hicho ni shilingi ngapi na ukiandike pale unapouzia.

Juu ya kiwango, skrini ya namba inatokea. Mpe mteja simu mkononi, geuka pembeni. Simu ikipigwa wakati huo muamala unaweza kufutika, kwa hiyo washa Usinisumbue (Do Not Disturb) saa za kazi. Bora zaidi, tenga simu ya biashara isiyo na laini ya kupigiwa ovyo.

Halafu kuna kadi ambazo kwa kiasi kikubwa hutaka chipu iingizwe kwenye mashine. Baadhi ya kadi za Uingereza ziko hivi, kwa kuwa namba ya siri yao dukani huhakikiwa na chipu yenyewe, na hilo haliwezekani kwa kugusisha. Simu yako haina tundu la kuingizia kadi. Mteja ana hela, kadi ni nzima, mtandao upo, na bado haitapita hata ujaribu hadi jioni. Mwambie tu: una Apple Pay au Google Wallet? Kadi ileile ikiwa ndani ya simu yake hupita, kwa sababu kidole au uso wake umeshachukua nafasi ya namba ya siri. Asipokuwa nayo, mtumie kiungo cha malipo kama mtoa huduma wako anacho. Kugawanya bili vipande vipande ili kila kimoja kiwe chini ya kiwango ni jambo baya. Mifumo ya kuzuia wizi hulitazama kwa jicho la shaka na akaunti yako inaweza kusimamishwa.

Jibu la benki

Kadi ikisomwa, inatengeneza msimbo wa siri wa muamala huo mmoja, na simu inaupeleka benki kupitia intaneti. Benki hujibu kwa tarakimu au herufi mbili, na programu nzuri hukuonyesha. 51 ni salio halitoshi. 54 kadi imekwisha muda. 55 namba ya siri si sahihi. 91 benki ya mteja haipatikani, subiri kidogo ujaribu tena. 05 ni kukataliwa bila maelezo, na kwa mgeni aliyetua jana mara nyingi maana yake benki imeshuku muamala wa nchi ya mbali; anatakiwa afungue programu ya benki yake na kuuidhinisha au kuwapigia. 65 huweza kumaanisha amegusisha mara nyingi mno bila namba ya siri. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoponywa kwa kuwasha na kuzima simu yako.

Hatari kubwa kuliko zote ni mtandao kukatika baada ya kadi kusomwa na kabla ya jibu kurudi. Hapo hujui kama umelipwa. Usigusishe tena. Rudisha mtandao, fungua orodha ya miamala, tazama hali yake. Ikiandika imekubaliwa, kuna namba ya idhini na namba ya kumbukumbu ya tarakimu 12. Mpe risiti amalize. Ikiandika imeshindikana au imerejeshwa, rudia. Mteja anaweza kuonyesha ujumbe wa benki kwamba amekatwa wakati kwako haipo. Mara nyingi hiyo ni hela iliyoshikiliwa, itaachiwa yenyewe baada ya siku kadhaa, na namba ya kumbukumbu ndiyo atakayoitumia kuulizia. Laini ya pili ya mtandao mwingine ni bima ya bei rahisi kwa jambo hili.

Kujisajili, makato na malalamiko

Tegemea kuombwa TIN au PIN ya KRA, leseni ya biashara, kitambulisho na akaunti ya benki. Watakupangia namba ya aina ya biashara yenye tarakimu 4: 5812 ni migahawa, 4121 teksi, 5947 maduka ya zawadi na kumbukumbu. Hakikisha ni yako kweli, maana huathiri makato na namna benki za wateja zinavyokutazama. Kwa makato, tuseme ni asilimia 2.5: mauzo ya TSh 60,000 yanakuachia 58,500. Uliza kama kadi za nje zina kiwango chao, hela zinaingia baada ya siku ngapi za kazi, na kama kuna ada ya mwezi hata usipouza.

Jambo linalodharauliwa ni jina litakalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Ikiwa kibanda kinaitwa kwa jina moja na kampuni imesajiliwa kwa jingine, mgeni akifika kwao haujui muamala huo na anaupinga. Kwa sababu nyingi za pingamizi, Visa na Mastercard humpa mteja hadi siku 120. Omba jina la kibanda litumike, na tunza risiti. Kumbuka pia kwamba aliyelipa kwa simu, tarakimu nne za mwisho kwenye risiti yako hazilingani na za kadi yake ya plastiki, kwa sababu simu hutumia namba mbadala. Tafuta muamala kwa kiasi, saa na namba ya kumbukumbu.

Risiti ya kadi si risiti ya kodi. Ya EFD, au eTIMS kwa Kenya, bado unaitoa.

Kurudisha hela: siku hiyohiyo kabla ya hesabu kufungwa, futa muamala; baada ya hapo fanya marejesho, kwa kadi ileile iliyolipa. Anayelipa kwa kadi kisha akaomba arudishiwe taslimu, mkatalie kwa heshima. Huo ni mlango wa zamani wa wezi wenye kadi za watu.

Programu ipakue Play Store tu, kwa jina alilokupa mtoa huduma. Mwaka 2024 ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza programu hasidi ya Android waliyoiita NGate, iliyowalaghai wateja wa benki za Cheki wagusishe kadi zao kwenye simu zao wenyewe ili data isafirishwe kwa mwizi. Aliyekutumia "toleo jipya" kwa WhatsApp usimfuate.

Simu ikiibiwa, namba za kadi za wateja hazimo ndani yake, lakini anayeweza kuifungua programu anaweza kufanya marejesho. Weka namba ya siri tofauti kwa marejesho, kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia, na mtoa huduma apigiwe siku hiyohiyo aifute simu ya zamani kwenye akaunti yako kabla hujasajili mpya.