Uzi kutoka Moscow hadi Moynaq

Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha jiografia nilipewa darasa la wanafunzi wa miaka 12 hadi 14, ambao somo la mwingiliano wa watu na mazingira walikuwa wamekwisha kulikariri kabla sijalifundisha. Ukiwauliza, waliitika kwa pamoja kwamba binadamu hutegemea mazingira, huyazoea na huyabadilisha. Jibu lilikuwa sahihi, nami nilikuwa nimelipa alama ya vyema mara nyingi, lakini lilitamkwa kama salamu tu.

Nikaamua kuwapa mfano mmoja na kukaa nao kipindi kizima: Bahari ya Aral, ambayo kwa hakika ni ziwa la maji ya chumvi kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Nilichora ubaoni umbo lake la mwaka 1960, lilipokuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 68,000, kisha ndani yake, kwa chaki ya rangi nyingine, nikachora vipande vilivyosalia miaka ya 2000. Nilieleza kwamba ziwa hilo halina mto unaotoka, hivyo kina chake kilitegemea mizani kati ya maji yaliyoletwa na mito ya Amu Darya na Syr Darya na maji yaliyogeuka mvuke kwa jua, na kwamba Wasovieti walipoichepusha mito hiyo ili kumwagilia mashamba ya pamba, mizani ilivurugika. Maji mengi hayakufika hata shambani, kwa kuwa mifereji mingi ilichimbwa katika udongo mtupu uliokuwa ukiyanywa njiani. Chumvi ikazidi, samaki wakafa, na huko Moynaq, mji uliokuwa bandari ya uvuvi, meli zikabaki juu ya mchanga huku upepo ukipeperusha vumbi la chumvi na mabaki ya viuatilifu hadi kwenye makazi ya watu.

Nilitarajia kuulizwa kama ziwa linaweza kurudi, na jibu nilikuwa nalo: ukuta wa kuzuia maji wa Kok-Aral, uliokamilika mwaka 2005, uliinua maji ya sehemu ya kaskazini, na samaki wakarejea. Swali hilo halikuja. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mkono wake niliuona tu alipoomba ruhusa ya kutoka, aliuliza, “Mwalimu, huyo binadamu aliyechepusha mito alikuwa anakaa wapi?”

Wenzake walicheka. Mimi nilikuwa karibu kumjibu “huko huko”, nikajizuia, maana isingekuwa kweli. Badala yake niliwaambia wafungue atlasi na wapime kwa uzi kutoka Moscow, ambako mipango mikuu ya pamba ilipitishwa, hadi Moynaq. Majibu yao yalikaribia kilomita 2,000, ingawa hayakulingana, kwa sababu uzi wa kundi moja ulilegea na wa jingine ulikuwa na fundo, na tukapoteza dakika nyingi tukibishana kama fundo nalo lihesabiwe.

Mvulana mmoja, uzi ukiwa bado kidoleni mwake, akauliza kama mvuvi wa Moynaq naye ni yule binadamu aliyeharibu ziwa. Mwingine akadakia kuhusu mkulima wa pamba, aliyepangiwa cha kupanda. Nilitazama ubao: neno “Binadamu” lilikuwa ndani ya duara, na mshale mmoja ukielekea kwenye “Mazingira”. Nililifuta, lakini kengele ikalia kabla sijaandika chochote mahali pake.

Jioni nilifungua andalio langu la somo na kulihesabu neno hilo. Lilikuwemo mara 11. Katika sehemu 7 niliweza kuweka watu halisi: wapangaji, wahandisi wa mifereji, wakulima, wavuvi, wakazi waliovuta vumbi. Sehemu 4 sikuweza kuzijaza, na siku iliyofuata niliingia nazo darasani zikiwa wazi.