Chembe inayosinyaa ikipata joto
Jamani, leo nimefurahi! Kompyuta imekesha hapa Chumbageni, Tanga, ikikokotoa chembe moja ya mikrojeli, yaani jeli ndogo mno inayovimba majini: minyororo ya polima (molekuli ndefu), kila mnyororo shanga zilizounganishwa kwa springi, yote imefungana kama wavu. Chini ya nyuzi joto 32 imevimba, ncha za minyororo ya pembeni zinachezacheza. Maji yenyewe sikuyachora. Joto nimeliwakilisha kwa kuongeza mvutano kati ya shanga. Nikauongeza kidogokidogo, na chembe ikajikunja hadi ikawa kidonge kilichoshikana. PNIPAM halisi, polima inayotengenezea mikrojeli kama hii, hufanya hivyohivyo maabara, kwenye nyuzi hizohizo 32.

Uzuri uko ukingoni. Viungo vinavyofunga minyororo ni vingi katikati, haba pembeni. Ukivisambaza sawasawa, ule ulaini wa nje unapotea. Watafiti wanatamani chembe hizi zibebe dawa mwilini. Nami natamani sana.