Nagant M1895: kifyatulio kimepimika hatimaye

Imekubali! Mizani yangu ya vifyatulio inakomea kilo 5, na Nagant yangu, bastola ya silinda inayozunguka, ilikuwa ikiimaliza kabla nyundo haijarudi vya kutosha. Nimeiweka kando nikachukua mizani ya ndoano ya kupimia mizigo. Bastola iko kwenye jiliwa, haina risasi hai, ina maganda matupu tu. Kuvuta moja kwa moja bila kukoka nyundo: kilo 9 na ushee. Nimerudia mpaka namba zikaacha kuyumba.

Kilichoninyima usingizi ni ule ukuta. Kidole kinakwenda, kinakwenda, halafu karibu na mwisho kinagota, na hapo ndipo shabaha huruka. Nilishuku mafuta ya ghalani, yale ya kuhifadhia silaha, kwamba yameganda. Nimefungua bamba la ubavuni, nimesafisha kila pembe. Mkwaruzo umekwisha kabisa. Ukuta haujasogea hata kidogo.

Basi si uchafu, ndivyo ilivyoundwa. Léon Nagant wa Ubelgiji alitaka gesi isivuje kati ya silinda na mtutu, kwa hiyo mvuto mmoja wa kidole unazungusha silinda, unaisukuma mbele mpaka mdomo wa ganda uingie kwenye mtutu, unapandisha kabari nyuma ya risasi, na bado unarudisha nyundo. Nimetia alama ya wino kwenye silinda: ukuta unaanza pale pale inapokaza mbele. Nimefurahi mno kuliona hilo kwa macho yangu.

Mizani nyingi za dijitali hutunza kilele tu, hazikwambii kilitokea wapi. Kwa kazi hii napendelea ya sindano. Na wanaodai kifyatulio kizito ni usalama wenyewe sikubaliani nao. Polisi wa New York waliwekewa bastola za Glock zenye mvuto wa kifyatulio wa takriban kilo 5.4, zaidi ya mara mbili ya zile za kawaida, na mvuto kama huo unapotosha mlengo hata wa mkono uliozoea.

Mpango ulikuwa kujaribu springi laini zaidi. Nimeuahirisha, maana springi hiyo hiyo ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kuwasha risasi. Sasa nataka grafu: nguvu kwa kila milimita ya mvuto. Rula nimeshaifunga kwenye jiliwa. Mwenye Nagant yake anipe namba, hasa milimita ambapo ukuta wake unaanza.